Tutajuaje chanzo halisi cha ulevi wa vijana kabla ya kupendekeza suluhisho?

Katibu wa Kamati

Ndugu zangu, salamu kwenu.

Mimi ni katibu wa kamati ndogo iliyopewa kazi ya kuandika ripoti kuhusu ulevi wa vijana wa umri wa shule, pamoja na mapendekezo ya hatua za kuchukua. Tumekwisha kuwasikiliza wazazi, walimu, viongozi wa dini na vijana wenyewe, na kila upande umetupatia chanzo chake. Wazazi wanasema shule zimelegeza nidhamu, walimu wanasema malezi ya nyumbani yameporomoka, viongozi wa dini wanataja kumomonyoka kwa maadili, na vijana wanasema hawaoni ajira mbele yao wala hawana mahali pa kwenda jioni.

Baadhi ya wajumbe wanataka tuorodheshe sababu zote hizo, tuandike pendekezo moja mbele ya kila sababu, kisha tukabidhi ripoti. Mimi nasita. Ripoti za namna hiyo nimeziona zikipokewa kwa shukrani na kufungiwa kabatini, na hata pale zilipotekelezwa sikuona kilichobadilika. Naomba kuelimishwa: kuna njia gani ya kupima kama jambo linalotajwa kuwa chanzo ni chanzo kweli, na tukishalijua, tutachaguaje hatua ya kuanza nayo?

Mhadhiri wa Sosholojia

Ndugu Katibu, kusita kwako kuna msingi. Orodha ya sababu humridhisha kila aliyehojiwa kwa kuwa kila mmoja hulikuta neno lake ndani yake, lakini haisemi ni sababu ipi inazaa nyingine, wala ni ipi ingebaki na nguvu hata kama nyingine zote zingeondolewa.

Ningeanza kwa kutenganisha shida ya mtu binafsi na tatizo la jamii. Mwanasosholojia wa Marekani C. Wright Mills aliieleza tofauti hiyo mwaka 1959 kwa mfano wa ajira. Katika mji wenye watu 100,000, mtu mmoja akikosa kazi, ni halali kuchunguza tabia yake, ujuzi wake na fursa zilizo karibu naye. Katika taifa lenye wafanyakazi milioni 50, milioni 15 wakikosa kazi, kuchunguza tabia ya mmoja mmoja hakutatufikisha popote, kwa sababu mpangilio wenyewe wa fursa umeharibika. Kwa hiyo kamati yenu ijiulize kwanza: je, wanaokunywa ni vijana wachache wenye historia zinazofanana, au ni jambo lililoenea katika familia za kila aina? Hali hizi mbili haziwezi kuandikiwa ripoti moja.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoiona kuwa muhimu kuliko zote, na ndiyo inayorukwa mara nyingi. Maelezo ya chanzo hayana budi kueleza tofauti. Mkisema chanzo ni kumomonyoka kwa maadili, lazima muweze kuonyesha kwamba maadili hayo yamemomonyoka zaidi pale penye ulevi mwingi kuliko pale penye ulevi mchache, na kwamba yalianza kumomonyoka kabla ulevi haujaongezeka. Jambo lililopo kila mahali kwa kiwango kilekile haliwezi kueleza kwa nini kijana huyu anakunywa na jirani yake hanywi.

Mfano bora ninaoufahamu unatoka katika historia ya tiba. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 600 katika eneo la Soho, London. Wataalamu wengi wa wakati huo waliamini kwamba ugonjwa uliletwa na hewa chafu, na kwa kuwa hewa chafu ilikuwepo kila kona, maelezo hayo yalionekana kujitosheleza. Daktari John Snow aliwatazama waliovuta hewa ileile na wasife. Nyumba ya kuhifadhi maskini iliyokuwa jirani, yenye wakazi zaidi ya 500, ilipoteza watu 5 tu, nayo ilikuwa na kisima chake. Kwa upande mwingine, mjane mmoja aliyeishi Hampstead, mbali na hewa ya Soho, alikufa kwa sababu alipenda kuletewa maji ya pampu ya Broad Street, mtaa wa hukohuko Soho. Waliopona na aliyekufa mbali ndio waliomwelekeza Snow kwenye maji.

Nanyi fanyeni vivyo hivyo. Mmewahoji watu kuhusu vijana wanaokunywa, lakini je, mmewatafuta vijana wanaoishi katika mazingira yaleyale, wenye wazazi wenye kipato kilekile, wasiokunywa? Wana nini ambacho wenzao hawana? Wanatumiaje saa za jioni, na ni mtu mzima gani anayejua walipo? Bila kundi hilo la kulinganisha, mtajua hadithi nyingi za kweli na bado hamtajua chanzo.

Afisa Ustawi wa Jamii

Nakubaliana na Mhadhiri, ila nahofia kwamba tukilitatua swali la chanzo tutadhani suluhisho limekwisha kupatikana. Nia njema peke yake haitoshi, na wakati mwingine huumiza.

Mwaka 1939 ulianza mradi huko Massachusetts, Marekani, uliolenga wavulana walioonekana kuwa hatarini kuingia katika uhalifu. Waligawanywa kwa kura katika makundi mawili yaliyofanana. Wa kundi moja walipewa mshauri aliyewatembelea nyumbani, msaada wa masomo na matibabu, na baadhi walipelekwa kambi za likizo. Kundi la pili waliachwa waendelee na maisha yao. Mradi ulifungwa mwaka 1945. Miaka 30 hivi baadaye mtafiti Joan McCord aliwafuatilia wanaume hao, na mwaka 1978 akachapisha matokeo yaliyowashtua wengi: waliosaidiwa hawakuwa na uhalifu mdogo kuliko wenzao, na katika mambo kadhaa, ukiwemo ulevi na kufa mapema, hali yao ilikuwa mbaya zaidi. Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba wengi wao walisema mradi uliwasaidia. Kama watathmini wangeridhika na ushuhuda wa wanufaika, mradi ule ungesifiwa na kuigwa mahali pengi.

Wajumbe watakaodai kwamba dawa ni kupiga marufuku pombe kabisa wakumbushwe Marekani ya kati ya Januari 1920 na Desemba 1933, utengenezaji na uuzaji wa pombe ulipopigwa marufuku kikatiba. Unywaji ulipungua hasa katika miaka ya mwanzo, lakini biashara ikahamia mikononi mwa magenge, pombe yenye sumu ikaua watu, na hatimaye katiba ikabidi ibadilishwe tena. Sisemi kwamba sheria hazina kazi. Nasema kila pendekezo lenu liambatane na maelezo ya njia ambayo hatua hiyo itapita mpaka imfikie kijana, na madhara ambayo inaweza kuyaleta njiani.

Katibu wa Kamati

Nawashukuru sana, wakubwa zangu. Kwa kweli vijana wasiokunywa hatukuwahoji hata mmoja, na nitalifikisha jambo hilo kwenye kikao kijacho.

Limebaki jambo moja linalonisumbua. Tuseme uchunguzi unatuonyesha kwamba mzizi ni ukosefu wa ajira, kwamba vijana hawaoni faida ya kusoma kwa kuwa kaka na dada zao waliomaliza masomo wamekaa bure. Kamati yetu haina uwezo wa kuanzisha viwanda. Je, tuandike ukweli huo na kukiri kwamba hatuna la kufanya, au tushughulikie jambo dogo tunaloliweza huku tukijua kwamba si mzizi?

Mtafiti wa Afya ya Jamii

Ndugu Katibu, chanzo cha tatizo na mahali pa kuanzia kulipunguza si lazima viwe kitu kimoja. Mnyororo wa visababishi una pete nyingi, na mara nyingi pete inayokatika kwa urahisi si ile ya kwanza.

Iceland inatufaa hapa kwa sababu tatizo lao lilikuwa hilohilo lenu. Mwaka 1998 asilimia 42 ya vijana wa miaka 15 na 16 walisema walikuwa wamelewa katika siku 30 zilizotangulia. Kufikia mwaka 2016 kiwango kilikuwa asilimia 5. Watafiti waliwapa wanafunzi dodoso bila kuwataka waandike majina, wakalinganisha wanaokunywa na wasiokunywa, wakaona tofauti katika mambo machache: muda kijana anaokaa na wazazi wake, kushiriki katika michezo au shughuli nyingine zenye utaratibu, na kutozurura usiku. Kisha hatua zikafuata mambo hayohayo. Michezo na muziki viliongezewa fedha, wazazi wakahimizwa kuwekeana makubaliano ya pamoja kuhusu muda wa watoto kurudi nyumbani, na dodoso likaendelea kutolewa mara kwa mara ili kila eneo lione linakwenda wapi. Hakuna aliyesubiri uchumi wote ubadilike. Hata hivyo naomba msichukue tarakimu hizo kama uthibitisho kamili, maana katika kipindi hicho ulevi wa vijana ulipungua pia katika nchi nyingi za Ulaya ambazo hazikuwa na mpango huo. Sehemu ya mafanikio ni yao, na sehemu pengine ni ya wakati.

Ufini walifanya jambo la ujasiri zaidi kwa watu wazima wasio na makazi. Utaratibu wa zamani ulimtaka mtu aache pombe kwanza ndipo astahili nyumba. Kuanzia mwaka 2008 serikali iliugeuza: mtu apewe nyumba yenye mkataba wa kudumu, na msaada wa kupambana na ulevi umfuate humo ndani. Kufikia mwaka 2022 idadi ya wasio na makazi ilikuwa imepungua kwa zaidi ya nusu. Kilichoitwa chanzo cha kukosa nyumba, yaani ulevi, kwa wengi kilikuwa pia matokeo ya kukosa nyumba, na mzunguko kama huo unaweza kuukata popote unapoufikia.

Mkianza na dodoso, jambo la kwanza ni usiri. Walimu wa darasa husika wasilikusanye, bahasha zifungwe na wanafunzi wenyewe, na maswali yawe yaleyale mtakaporudia mwaka unaofuata. Kijana akihisi kwamba jibu lake litamfikia mwalimu au mzazi, ataandika mnachotaka kusikia.

Mhadhiri wa Sosholojia

Naongeza neno moja kwa Ndugu Katibu, kwa sababu sitaki ushauri mzuri wa Mtafiti uwe kisingizio cha kunyamazia mzizi. Mwaka 1848 serikali ya Prussia, dola la Kijerumani la wakati huo, ilimtuma daktari kijana Rudolf Virchow kuchunguza mlipuko wa homa ya tifasi (ugonjwa unaoenezwa na chawa) katika jimbo lake la Silesia ya Juu. Walitarajia ushauri wa kitabibu. Aliandika kwamba watu wale walihitaji elimu kwa lugha yao ya Kipolandi, barabara, kodi zenye haki na mamlaka ya kujiamulia mambo yao. Serikali haikufurahi, na hakuwa na uwezo wa kujenga hata barabara moja, lakini ripoti yake inasomwa mpaka leo na wanaofundishwa afya ya jamii.

Kwa hiyo iandikeni ripoti katika sehemu mbili zilizotengana waziwazi. Moja ieleze hatua ambazo kamati inaweza kuzisimamia yenyewe, na kipimo kitakachotumika kila mwaka. Nyingine ieleze yaliyo nje ya uwezo wenu, ikitaja ni ofisi ipi yenye mamlaka juu ya kila jambo, ili msomaji asije akadhani kwamba uwanja wa michezo umejibu swali la ajira. Na kikao kijacho kabla hamjaandika lolote, waiteni wale vijana wasiokunywa.