Balat wa Laeken: tumsifu au tumwache?

Mwana_Kolwezi: Wakuu, naomba mnisaidie. Alphonse Balat, msanifu majengo wa Ubelgiji, alimjengea mfalme Leopold II, yule aliyeitawala Kongo, mabanda ya vioo ya mimea huko Laeken, Brussels, kuanzia 1874, na Victor Horta, msanifu mashuhuri wa baadaye, alijifunza kazi kwake. Kila anayemwandika anamsifu. Pesa zilitoka wapi? Si ule utomvu wa mpira wetu wa Kongo, na mikono iliyokatwa kwa ajili yake?

Fundi Chuma: Punguza moto ndugu. Lile kuba kubwa lenye mitende ndani lilikamilika 1876. Mkutano wa Berlin, uliomwachia Leopold Kongo, ni 1884-85. Mpira gani hapo?

Bi Tausi: Haya, mwenye kalenda kafika. Na banda la Kongo la 1886? Na lile kanisa la chuma la miaka ya tisini? Hata uso wa ikulu ya Brussels ni kazi yake.

Fundi Chuma: Uso ule ni wa Maquet, msanifu mwingine, baada ya 1900. Balat alishazikwa 1895. Soma kwanza, mama.

Bi Tausi: "Soma kwanza" kamwambie mkeo. Tatizo ni nyinyi mlioko huko Ubelgiji. Majira ya kuchipua wakifungua milango ya Laeken wiki chache, mnapanga foleni mpige picha chini ya vioo vya muuaji.

Kijana wa Matonge: Dongo hilo nimelipokea. Ndiyo, nilikwenda, tena na mama yangu mzazi. Akapita kwenye jeranio zilizopanda ukutani hadi darini, hakusema kitu. Akauliza tu vioo vyote hivi anavisugua nani. Huo ndio usaliti?

Mwana_Kolwezi: Jamani, nimeuliza habari za Balat.

Bi Tausi: Kijana, tiketi ulilipa au hukulipa?

Kijana wa Matonge: Nililipa. Na wewe simu uliyoshika kobalti yake imechimbwa na nani? Muulize huyo wa Kolwezi, mji wa migodi.

Mwana_Kolwezi: Msiniingize.

Fundi Chuma: Mimi nasema chuma na kioo kwa upana ule, enzi zile, ni akili kubwa. Mfalme ni mfalme, msanifu ni msanifu.

Bi Tausi: Msanifu anajua anamjengea nani! Halafu Kijana, wale Wakongo saba waliofia Tervuren, karibu na Brussels, walikopelekwa kwenye maonyesho ya 1897, makaburi yao umeyapiga picha?

Kijana wa Matonge: Yako kando ya kanisa la huko Tervuren. Tramu 44 inafika Tervuren. Ukija nitakupeleka, nauli juu yangu, mradi usihutubie njiani.