Hivi Pechorin alimpenda mtu kweli, au mimi ndo nimeingizwa mjini?

Kitulo_Baridi
Wadau za jioni. Niko Uyole huku, baridi ya mwezi wa saba mnaijua, ukishakula tu unaingia kwenye blanketi, basi wiki hii nimemaliza Shujaa wa Zama Zetu, riwaya ya Mrusi Lermontov, tafsiri ya Kiingereza, nilikiokota kwenye vitabu vya mtumba Mwanjelwa jalada limechanika. Swali langu, huyu Pechorin, ofisa kijana ndo mhusika mkuu, kuna mtu alimpenda au ni barafu mwanzo mwisho? Kinachonikera ni kwamba nimesoma huku namshabikia. Kuna ile ya zulia la Kiajemi, binti Mary kalipenda dukani anambembeleza mama yake amnunulie, jamaa anaongeza rubli 40 juu ya bei analibeba yeye, halafu mchana anaagiza farasi wake apitishwe chini ya dirisha la binti kafunikwa lile lile zulia 😂 Nilicheka mpaka mdogo wangu akaamka. Mbele huko binti anakonda kwa mawazo na jamaa anakuja kumwambia mimi nilikuwa nakucheka tu. Nikafunga kitabu kwanza. Maana na mimi si nilicheka?

Msela_wa_Kabwe
Dada unakuza mambo. Mwamba anajua kutongoza, basi. Hamfuati mtu, anamuudhi kwanza, binti akishamchukia ujue usiku hapati usingizi anamuwaza yeye. Grushnitsky, yule mwenzake anayemtaka binti Mary, ndo anajifanya ana majonzi na mkongojo wake na koti la kijeshi, mwisho wa siku kaachwa. Mi mwamba namuelewa sana aisee.

Chai_ya_Mufindi
We Msela sehemu ya Bela uliisoma au uliiruka? Mtoto wa kama miaka 16, mdogo wake wa kiume anamuiba nyumbani anamleta kwa Pechorin, malipo yake ni farasi, tena farasi mwenyewe wa Kazbich, jambazi mmoja wa milimani, wa wizi. Huku kwetu mahari ni ng'ombe na wanaenda kwa wazazi, huyu katoa mali ya mtu mwingine kampa mdogo mtu! Zawadi zikagoma, akaona abadilishe gia, akamuaga binti kwamba anaenda vitani labda risasi itampata, mtoto wa watu akamrukia shingoni analia. Miezi haikuwa mingi kashamchoka, kutwa porini anawinda nguruwe. Bela kachomwa kisu na Kazbich, kafa, yule mzee Maksim Maksimich, ofisa aliyekuwa anakaa naye ngomeni, anajitahidi kumpa pole, jamaa anainua kichwa ANACHEKA. Hapo mi ndo niliogopa.

Mstaafu_Gangilonga
Kamwene. Niongeze kidogo maana nimefundisha fasihi miaka mingi. Kitabu kilitoka 1840, na toleo la pili la 1841 Lermontov aliweka dibaji akasema hii si picha ya mtu mmoja, ni maovu ya kizazi kizima. Mwaka huo huo akauawa kwenye pambano la bastola karibu na Pyatigorsk, mji ule ule wa hadithi, na aliyemuua ni ofisa mwenzake aliyechoshwa na utani wake. Alikuwa na miaka 26 tu. Watu hupenda kusema ni siasa, kwamba baada ya uasi wa maofisa dhidi ya mfalme wa Urusi, Desemba 1825, kuzimwa vijana wa kibwanyenye walibaki na elimu na pesa bila kazi ya maana, na mwandishi Mrusi mwenzake Turgenev alipoandika habari za "mtu wa ziada", yaani asiye na nafasi kwenye jamii, mwaka 1850 jina likawaganda. Sawa, lakini wengine wa kizazi hicho hawakuiba mabinti wa watu, kwa hiyo mimi siasa siipi yote.

Kuhusu swali lako binti yangu, rudia pale Vera, mpenzi wake wa zamani, anapoondoka. Pechorin anamkimbiza mpaka farasi anaanguka anakufa, anakaa kwenye majani analia kama mtoto. Ukitaka kusema ahaa, huyu alipenda, subiri kidogo tu, machozi yakishakauka anajichunguza kwenye shajara yake, anasema labda ni kukosa usingizi, dakika mbili mbele ya mdomo wa bastola kwenye pambano lake na Grushnitsky, na tumbo tupu. Anarudi Kislovodsk analala fofofo. Kulia kalia kweli, ila hata chozi lake mwenyewe halimwamini.

Kitulo_Baridi
Mzee hiyo ya tumbo tupu niliipita bila kuiona, shikamoo. Basi mimi kilichonimaliza hata si wanawake, ni yule Maksim Maksimich. Kasikia Pechorin kafika mjini, anaenda kukaa getini anamsubiri, kaitwa ndani kunywa chai anagonga kikombe kimoja haraka haraka anarudi nje, usiku unaingia hakuna mtu. Asubuhi jamaa anatokea, mzee anataka kumkumbatia, anapewa mkono. Ana haraka, anaenda Uajemi. Yale madaftari ya Pechorin aliyomtunzia muda wote ndo mzee anayatupa chini moja moja kwa hasira. Baba yangu mdogo aliwahi kukaa hivyo stendi ya Nanenane toka asubuhi na mfuko wa parachichi, anamsubiri mtu ambaye yeye ndo alimsomesha, tukaja kusikia kashafika mjini toka jana yake. Zile parachichi hakula mtu pale nyumbani.

Msela_wa_Kabwe
Daah. Haya bana, Bela kweli niliruka, nilianzia kwa binti Mary. Jumamosi napita Uyole, hicho kitabu naweza kukiazima?

Kitulo_Baridi
Njoo, ila zile kurasa za zulia zimelowa chai.