Shauri la madai linatajwa tu bila kusikilizwa: mdai afanye nini?

Mdai
Ndugu zangu, naomba ushauri wa wenye uzoefu. Miaka mitatu iliyopita nilifungua shauri dhidi ya mtu aliyenunua mashine kwangu, akalipa nusu ya bei na kukataa kumalizia. Mdaiwa aliwasilisha utetezi wake kwa wakati, lakini tangu hapo shauri limekuwa likitajwa tu, yaani linaitwa mahakamani na kupangiwa tarehe nyingine: mara wakili wake yuko mahakama nyingine, mara hakimu ana udhuru, mara faili halionekani. Sasa wameweka pingamizi la awali, yaani hoja ya kutaka shauri lifutwe kabla ya kusikilizwa, wakidai kwamba sahihi iliyo kwenye mkataba si ya mdaiwa. Shahidi wangu pekee wa makabidhiano ni mzee anayeumwa, nami nahofu kwamba siku ya kusikilizwa ikifika hatakuwapo. Sina wakili. Je, kuna hatua ya kuchukua, au ni kusubiri tu?

Wakili
Ndugu Mdai, nianze na shahidi, kwa kuwa hilo haliwezi kungoja. Katika nchi nyingi zilizorithi mfumo wa sheria wa Uingereza, kanuni za mwenendo wa mashauri ya madai zinairuhusu mahakama kuchukua ushahidi wa mtu mapema, kabla ya siku ya kusikilizwa, pakiwa na sababu ya kutosha, na ugonjwa ni mojawapo ya sababu hizo. Peleka maombi yakiungwa mkono na hati ya kiapo, uambatanishe cheti cha daktari, na umpatie mdaiwa nakala ili naye apate nafasi ya kumuuliza shahidi maswali ya dodoso, yaani ya kuupima ushahidi wake.

Kuhusu pingamizi, soma uamuzi wa iliyokuwa Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki wa mwaka 1969 katika kesi ya Mukisa Biscuit, unaotajwa hadi leo karibu kila pingamizi linapobishaniwa. Pingamizi la awali linapaswa kuwa hoja tupu ya sheria, kwa mfano ukomo wa muda (muda wa mwisho wa kufungua shauri) au mamlaka ya mahakama. Iwapo sahihi ni ya mdaiwa au si yake ni jambo la ushahidi, na kwa maoni yangu hapo hawana pingamizi, wana utetezi.

Karani mstaafu
Wakili msomi ameeleza sheria; mimi niongeze ya masijala, ofisi inayotunza mafaili ya mahakama. Siku ya kutajwa haichukuliwi ushahidi wowote, kwa hiyo shauri linaweza kutajwa mara kumi likabaki pale pale. Nimewahi kubeba faili lililokuwa na kurasa nyingi za tarehe na kurasa sita tu za ushahidi. Kabla hujatoka mbele ya hakimu, omba itolewe tarehe ya kusikilizwa, na omba ombi lako liandikwe kwenye mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu za mahakama. Upande wa pili ukiomba ahirisho bila sababu ya maana, omba wakulipe gharama za siku hiyo. Faili lisipoonekana, usiishie kuuliza dirishani. Andika barua na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Msomaji
Sikubaliani na wanaodhani kwamba ucheleweshaji wote hutoka upande wa pili; utaratibu wenyewe nao huchelewesha. Uingereza yenyewe, ambako taratibu hizi zilianzia, ilianza kutumia kanuni mpya mwaka 1999 baada ya ripoti ya jaji wake, Lord Woolf, ikampa jaji jukumu la kuisimamia ratiba ya shauri badala ya kuwaachia mawakili. Pia fikiria suluhu. Hati ya suluhu ikisajiliwa mahakamani huwa na nguvu ya hukumu, ilhali anayeshinda kwa kubishana mara nyingi hulazimika tena kuomba ukazaji wa hukumu, yaani itekelezwe kwa nguvu, na kutafuta mali za kukamatwa. Ikiwa una ushahidi kwamba mdaiwa anauza mali ili kukwepa deni, unaweza kuomba zizuiwe hata kabla ya hukumu.

Mdai
Nawashukuru nyote. Nikiri kwamba mara mbili ni mimi niliyeomba ahirisho, na sikujua kwamba lingeandikwa. Suluhu niliijaribu, akataka nimsamehe robo tatu ya deni. Swali la mwisho: pingamizi lao likikubaliwa, ndiyo basi?

Wakili
Inategemea neno litakaloandikwa kwenye uamuzi. Shauri likiondolewa kwa kasoro ya kisheria bila madai yenyewe kusikilizwa, kwa kawaida unaruhusiwa kurekebisha kasoro hiyo na kufungua upya, mradi muda wa ukomo haujapita. Likitupiliwa mbali, yaani likikataliwa kabisa, mara nyingi njia inayobaki ni rufaa au mapitio (kuomba uamuzi uangaliwe upya). Kwa hiyo hesabu leo tarehe ambayo haki yako ya kudai ilianza, uone imebaki miezi mingapi, na uombe nakala ya uamuzi siku ile ile utakaposomwa, kwa sababu muda wa rufaa ni mfupi.