Mashine za kuchakata mkonge zinazoundwa Tanga: tuombe sera gani kabla ya bajeti?

fundi_ngamiani:
Wakuu, habari za kazi. Karakana kadhaa za hapa mjini na Muheza zinaunda mashine ndogo za kuchakata mkonge kwa wakulima wadogo, zile za kulisha jani kwa mkono. Mashine kama hiyo kutoka nje inamfikia mkulima kwa bei ya chini kuliko yetu, ingawa ujira wa mafundi wetu si mkubwa. Kuna kundi linaandaa maoni ya kupeleka TCCIA (chemba ya biashara, viwanda na kilimo) ili yafike Wizara ya Fedha kabla ya bajeti ya Juni. Wengi wanataka iombwe 25% ya ushuru kwenye mashine za nje, basi, mchezo umekwisha. Wenye kujua, je, hilo ndilo la kuomba? Na kama silo, tuombe nini hasa?

mizigo_na_kodi:
Shekhe, 25% msiiombe. Mtapoteza mwaka mzima.

Jedwali la ushuru wa pamoja la Afrika Mashariki lina ngazi nne: 0% kwa malighafi na mitambo, 10% kwa bidhaa za kati, 25% kwa bidhaa zilizokamilika, na 35% iliyoanza Julai 2022 kwa bidhaa teule. Mashine nyingi za sura ya 84 (sura ya mitambo kwenye jedwali hilo) zimekaa kwenye 0%, na Tanzania haiwezi kuzihamisha peke yake. Lazima nchi wanachama wakubaliane, au nchi iombe ruhusa ya kutoza tofauti, ambayo kwa kawaida ni ya mwaka mmoja. Halafu chuma: kwako ni malighafi, lakini kwenye jedwali vyuma vingi ni bidhaa ya kiwanda cha mwenzako, naye analindwa. Kwa hiyo mashine nzima inapita bila ushuru, baadhi ya vipande vyake vinatozwa. Hapo ndipo pa kupigia kelele.

Ombeni nafuu ya ushuru kwenye malighafi. Utaratibu upo tayari: mtengenezaji anatajwa kwa jina kwenye gazeti la Jumuiya ya Afrika Mashariki, pamoja na namba ya forodha ya kila malighafi. Kinachoangusha maombi mengi ni orodha ya vifaa. Msiandike "chuma mbalimbali". Andikeni kwa mashine moja: pleti ya mm 6 kilo ngapi, shafti ya mm 40 mita ngapi, beringi mbili aina gani, puli, mkanda. Na mabaki ya kukata muyaonyeshe tangu mwanzo. Ukidai kilo 100 kwa mashine ukaagiza 112 bila kueleza zile 12, mkaguzi atahesabu kwamba umeziuza mtaani, na utazilipia ushuru.

La pili ni VAT, na hili wengi wanaliomba kinyume. Zana nyingi za kilimo zina msamaha wa VAT. Watu wanashangilia, kumbe msamaha unamuumiza mtengenezaji wa ndani. Ukiuza kitu chenye msamaha, VAT uliyolipa kwenye manunuzi hairudi. Mfano: vifaa vya mashine moja vya shilingi 6,000,000, VAT ya 18% ni 1,080,000. Fedha hiyo inabaki tumboni mwa bei yako. Mshindani wa nje kwao anauza nje ya nchi kwa kiwango cha sifuri, anarejeshewa kodi yake, halafu hapa anaingia na msamaha. Ombeni kiwango cha sifuri (VAT ya 0%, ambapo uliyolipa kwenye manunuzi inarudi), siyo msamaha. Kwa mnunuzi ni mamoja, kwa mtengenezaji tofauti ni hiyo milioni na ushee.

singa_safi:
Niongezee upande wa mnunuzi. Hiyo 25% angeilipa mkulima wa Muheza, siyo mchina. Jani bichi la mkonge linatoa singa (nyuzi) kavu kama 3 hadi 4% tu ya uzito wake. Tani moja ya majani, kilo 30 hadi 40. Mashine ikipanda bei, mkulima anarudi kwenye foleni ya korona (mtambo mkubwa wa kuchakata mkonge) ya shamba kubwa, na jani likikaa sana baada ya kukatwa linakauka, singa hazisafishiki vizuri.

mkerezaji:
Kodi ni nusu ya habari. Mashine zetu zikiwekwa bei sawa na za nje, bado zitarudishwa, na sababu ni ngoma, ile silinda inayozunguka na visu vyake kukwangua jani.

Chukua ngoma ya kilo 60 inayozunguka mara 900 kwa dakika. Upande mmoja ukizidi kwa gramu 100 tu, umbali wa mm 250 kutoka katikati, shafti inavutwa kwa nguvu ya kama nyutoni 220, sawa na mzigo wa kilo 22 unaozunguka nayo mara 15 kila sekunde. Kwa daraja G16 la ISO (kiwango cha kimataifa cha usawazisho), linalotumika kwa sehemu za mashine za kilimo, ngoma hiyo inaruhusiwa kama gramu 40 kwa umbali huo. Mshono mmoja mnene wa kuchomelea unatosha kuzidisha.

Kinachofuata kinajulikana: fremu inapasuka kwenye kona, beringi inaungua, mkulima anasema "za Tanga mbovu". Na mara nyingi beringi haina kosa. Beringi ya UCP208 inataka shafti isiyozidi mm 40.000 wala kupungua 39.975. Lathe (mashine ya kukerezea) iliyolika kitanda inatoa 39.92 upande mmoja na 39.98 upande wa pili. Ringi ya ndani inateleza juu ya shafti, inapata moto, kwisha.

Kusawazisha kwa njia ya kawaida kunawezekana: reli mbili zilizonolewa, zilazwe kwa pima maji, weka ngoma na shafti yake juu, iache ijiviringishe. Upande mzito utatulia chini. Weka alama, ongeza kipande upande wa pili, rudia mpaka itulie popote utakapoiacha. Lakini njia hii haioni kosa la ncha mbili, yaani ncha moja nzito upande huu na nyingine nzito upande wa pili. Ngoma ikiwa ndefu kuliko upana wake, inaweza kutulia vizuri kwenye reli na bado ikapiga ngoma kweli ikizunguka (samahani kwa mzaha). Hiyo inahitaji mashine ya kusawazisha, na karakana ya watu wanne haiwezi kuinunua.

Ndiyo maana sera inayofaa ni ya kuweka vifaa vya pamoja. Japani mwaka 1956 ilitunga sheria ya muda ya kukuza tasnia ya mashine, na mikopo nafuu ya kununua mitambo mipya ilielekezwa sana kwa waundaji wa sehemu: gia, beringi, kalibu, skrubu. Walianzia chini, kwenye usahihi. Kwetu SIDO (shirika la kuhudumia viwanda vidogo) ipo tangu 1973 na ina ofisi Tanga. Ombeni huko mashine moja ya kusawazisha, tanuri la kutia ugumu makali ya visu, na chumba cha vipimo. Ila maombi yaandikwe pamoja na bajeti ya kuhakiki vipimo kila mwaka na waendeshaji wawili, siyo mmoja. Mashine ya namna hii hufa siku mwendeshaji wake anapohama.

fundi_ngamiani:
Ahsanteni sana wakuu. Swali kwa mizigo_na_kodi: wengi wetu mauzo hayafiki kiwango cha kusajiliwa VAT. Hiyo sifuri itatusaidia vipi?

mizigo_na_kodi:
Umegonga penyewe. Kiwango cha kusajiliwa ni milioni 200 kwa mwaka. Asiyesajiliwa hadai chochote, awe kwenye sifuri au msamaha. Kwa hiyo undeni ushirika mmoja, usajiliwe, ununue chuma kwa wingi na kuuza mashine kwa jina lake. Karakana zibaki kulipwa ujira wa kazi. Hapo VAT ya chuma inarudi kwa ushirika, na lile ombi la nafuu ya ushuru linakuwa la jina moja badala ya majina kumi na mbili. Ubaya wake: marejesho huchelewa, kwa hiyo mtaji wa miezi kadhaa uwepo kabla ya kuanza.

singa_safi:
Na zabuni msizisahau. Halmashauri na taasisi nyingine za umma zinanunua kupitia NeST (mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao), na masharti huandikwa kwa kunakili katalogi ya mashine ya nje: nguvu za injini, rangi, uzito. Ombeni masharti yaandikwe kwa kazi: kilo za singa kavu kwa saa, lita za mafuta kwa kilo 100 za singa, saa 8 za majaribio mfululizo bila kusimama, na vipuri kupatikana mkoani ndani ya siku 3. CAMARTEC ya Arusha ndiyo yenye jukumu la kupima zana za kilimo, ripoti yake iambatane na zabuni. Kwenye vipuri mtamshinda mtu yeyote wa nje. Kwenye zile saa 8, bila ngoma iliyosawazishwa, msijaribu.