Mjomba ametoka udiwani, kampuni inamtaka awe afisa uhusiano. Akubali?

Mwana_Sombetini: Wakuu, salaam. Mjomba wangu alikuwa diwani hapa Arusha, kura za maoni zikamweka benchi. Sasa kampuni ya utalii inamtaka awe afisa uhusiano. Nimemwambia Marekani wabunge wa majimbo hufanya hivyo, anacheka tu. Ni kazi kweli au wananunua jina?

Binti Njiro: Wananunua simu yake, mkuu. Ina namba ya mkurugenzi, ya DC na ya kila mwenyekiti wa mtaa. Hao wakihamishwa, mjomba kwisha habari yake.

Mstaafu wa Themi: Binti, umesema nusu. Mimi nilikuwa diwani, na leo uhusiano ndio unaonilisha. Diwani ndiye mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya kata: maji yamekatika, mtendaji anaandika muhtasari, matusi unapokea wewe. Ukishazoea hapo, kijiji kikifunga njia ya magari ya wageni hutetemeki. Unakaa, unasikiliza mpaka wachoke.

Taabu ni kalamu, yaani kuandika taarifa kwa vyombo vya habari. Sisi tumezoea itifaki. Mheshimiwa huyu, mheshimiwa yule, nusu ukurasa umekwisha na habari haijaanza. Mhariri anataka nani, kafanya nini, wapi, lini, tena sentensi ya kwanza. Afute kabisa "napenda kuchukua fursa hii". Na suala la bahasha za waandishi aulize msimamo wa kampuni mapema, kabla hajaitisha mkutano wowote.

Hiyo Marekani usiilinganishe hivi hivi. Bunge la jimbo la New Hampshire lina wawakilishi 400, kila mmoja analipwa dola 100 kwa mwaka, kwa hiyo lazima mtu awe na shughuli nyingine hata akiwa bungeni. Florida nako wapiga kura walipitisha mwaka 2018 kwamba mbunge akitoka, miaka 6 asilipwe kwenda kushawishi serikali ya jimbo. Wanajua kushawishi na uhusiano ni kazi mbili. Kampuni ikianza kumtuma mjomba halmashauri "kusukuma" faili la kibali, huo si uhusiano, ni udalali. Majukumu yaandikwe kwenye mkataba.

Mwana_Sombetini: Shikamoo mzee. Nimemsomea yote, kakwama kwenye itifaki. Anauliza, hata ya DC aifute?

Mstaafu wa Themi: Marahaba. Ya DC aishushe aya ya mwisho, na cheo akiandike sawasawa.