RX-8 ya 2005, kilomita 118,000, milioni 13.5: ninunue au niache?

Fundi_Lifti

Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri, hasa kwa waliowahi kumiliki Mazda RX-8 hapa Dar. Waliosikia tu nimeshawasikiliza sana.

Nina miaka 39, kazi yangu ni kutengeneza lifti, siku nyingi niko Posta na Upanga. Nyumbani ni Kimara Temboni. Familia ina Toyota Raum, inatutosha kwa shule, kanisa na sokoni. Hili ninalouliza ni gari langu la Jumapili alfajiri, niende Bagamoyo barabara ikiwa tupu, nirudi kabla watoto hawajamaliza chai.

Mzee mmoja mstaafu wa Mbezi Beach analiuza. Namba C, jekundu, gia za mkono, tano. Amekaa nalo miaka tisa. Nimeenda kuliona mara mbili. Alinifungulia mlango wa mbele, kisha ule mdogo wa nyuma unaofunguka kinyume, ubavu mzima ukawa wazi, hakuna nguzo katikati. Halafu akaliwasha. Mimi kutwa nasikiliza mota zinazozunguka, najua sauti ya mashine inayozunguka vizuri. Injini hii haina pistoni za kupanda na kushuka, ina rota mbili za pembe tatu zinazozunguka. Niliweka kiganja juu ya boneti na mtetemo nilioukuta ni mdogo kuliko wa mota nyingi ninazozihudumia. Tangu nijue kwamba Mazda ilishinda mbio za magari za Le Mans mwaka 1991 kwa injini ya namna hii, kampuni ya kwanza ya Japani kushinda mbio zile, nimetamani kuwa nayo.

Sasa yanayonikosesha usingizi. Mara ya pili tulizunguka nalo mpaka Tegeta na kurudi. Tulipolizima na kutaka kuliwasha tena, stata ilizunguka muda mrefu, kama sekunde sita, ndipo likawaka. Mzee anasema ni betri. Pia nilikwenda na jamaa yangu mwenye sumaku ya kutafutia puti, ile inayojazwa kwenye bodi iliyogongwa, boneti nzima haikushika. Jamaa akasema hilo limepigwa ajali, tuondoke.

Mke wangu hajakataa. Ameniuliza swali moja: likilala gereji miezi mitatu, ada ya Januari itatoka wapi? Sikuwa na jibu, na sitaki kumpa la kubahatisha.

Mwana_Tabata

Mkuu, kadi itakuandikia cc 1300 ukadhani linakunywa kama Vitz. Hapana. Kwenye foleni litakunywa kama gari la V6. Kwa pesa hiyo tafuta Toyota Altezza RS200 ya gia sita, injini 3S-GE, farasi 210. Fundi yeyote anaijua na spea zimejaa Gerezani. Angalia tu mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini.

Baba_Wawili

Kwa nini usiagize mwenyewe Japani, upate lililotunzwa?

Mwana_Tabata

@Baba_Wawili piga hesabu kwanza. Ushuru wa forodha 25%, ushuru wa bidhaa, juu yake 30% ya uchakavu kwa kuwa limezidi miaka 10, kisha VAT 18% juu ya vyote hivyo. Na thamani wanayoitumia TRA ni ya kwao, siyo ya risiti yako. RX-8 ya mwisho ilitoka kiwandani 2012, kwa hiyo hakuna utakayoiagiza leo ikakwepa uchakavu.

Mama_Rota

Kaka, nilikuwa na RX-8 Type S ya 2004 kwa miaka mitatu na nusu, nikiishi Kinyerezi. Nalipenda gari lile mpaka leo, kwa hiyo nitakwambia yote.

Boneti kwanza, maana hapo mzee wa watu ameonewa. Boneti ya RX-8 ni aluminiamu, na ile milango midogo ya nyuma pia. Sumaku haiwezi kushika hata kama gari halijawahi kuguswa. Rudi na sumaku hiyo hiyo uipitishe juu ya matairi ya nyuma na chini ya milango, kisha uinamie uangalie kutu. Gari limelala Mbezi Beach miaka tisa, chumvi ya bahari haichagui.

Sasa hilo la kuwaka. Usilikubali neno la betri kabla hujapima. Kila rota ina sili kwenye ncha zake tatu, zikichakaa kompresheni, yaani presha ya kubana hewa ndani ya injini, inashuka, na dalili yake ya mwanzo ni hiyo hiyo uliyoiona: asubuhi likiwa la baridi linawaka vizuri, likiwa la moto linakusumbua. Mtu asikupimie kwa kipimo cha kawaida kama anavyopima Corolla. Kipimo kile kina valvu ndogo inayoshikilia presha ya juu kabisa, kwa hiyo kitakuonyesha upande mmoja ulio mzima na kuficha miwili iliyokufa. Fundi aitoe hiyo valvu. Betri iwe imejaa, injini iwe ya moto, petroli ikatwe, kisha wewe mwenyewe tazama mshale wakati stata inazunguka. Utauona unaruka mara tatu, mara tatu, mara tatu. Miruko ikilingana na presha ikitosha, rota ni nzima. Ukiona mrefu, mfupi, mfupi, unajua. Kwa vipimo vya Mazda, injini iliyo nzima ni presha ya kPa 830 na mwisho wa kuvumilika ni 680, stata ikiizungusha injini mara 250 kwa dakika. Pande za rota moja zisipishane zaidi ya 150.

Na hata likipita kipimo, lina masharti. Mwaka 2017 nililipeleka kuoshwa. Kijana akaliwasha likiwa la baridi, akalisogeza mita tano, akalizima. Basi. Petroli ikajaa ndani, plagi zote nne zikalowa, likagoma kabisa. Nilikaa pale kuanzia saa tisa mchana mpaka saa mbili usiku nimebeba mtoto mgongoni, kila anayepita ananipa ushauri wake. Fundi alipofika akaniambia nikanyage mafuta mpaka chini huku napiga stata, kwa sababu hapo kompyuta inakata petroli na injini inajikausha. Mara ya tatu likawaka, moshi mweupe ukafunika uwanja mzima. Tangu siku ile ukiliwasha unaliacha lipate moto ndipo unazima, na ufunguo wangu hakuushika mtu mwingine.

Oili linakula kwa kuumbwa kwake, linainyunyiza ndani kulainisha zile sili. Nilikuwa napima oili kila nikijaza tenki mara mbili. Mwenye gari asiyejua hilo ndiye anayeua injini, kwa hiyo muulize mzee anapima mara ngapi, na usimwonyeshe jibu unalolitaka.

Kitu cha mwisho ni joto. Mshale wa joto wa RX-8 unakaa katikati hata joto likipanda, ukiuona umesogea ujue umechelewa. Wewe wa Kimara unaijua foleni ya Barabara ya Morogoro saa kumi na moja. Funga kipimo cha pembeni kinachosoma nyuzi, kagua rejeta na feni zote mbili. Likichemsha mara moja tu, sili za maji zinaweza kuondoka.

Langu nililiuza likiwa zima kwa sababu nilihamishwa kikazi Songea. Nililia barabarani.

Fundi_Gerezani

Dada amemaliza kila kitu, nakupongeza. Naongeza moja. Baadhi ya hizi wameng'oa rota wakafunga injini ya pistoni, na nyingine zimefungwa rota ya mtumba bila kubadilisha kadi. Soma namba kwenye injini yenyewe ulinganishe na kadi, na uangalie deni la faini za trafiki kabla ya kwenda kubadilisha umiliki. Na jua kwamba injini ya rota ya mtumba hainunuliwi kwa kusikia sauti. Nayo inapimwa hivyo hivyo.

Fundi_Lifti

Narudi, wakuu. Dada Mama_Rota, Mungu akubariki.

Nilimweleza mzee kila ulichoandika, naye akakubali bila kununa. Jumamosi tulilipeleka kwa fundi mwenye kipimo kinachofaa. Kutu ni kidogo, chini ya mlango wa kushoto tu. Namba za injini zinalingana na kadi. Betri tuliazima mpya, kwa hiyo hoja ya betri ikafa pale pale.

Rota ya mbele ilisoma 760, 750, 760. Mshale uliruka sawasawa, nilifurahi nikamshika mzee bega. Ya nyuma ikaja 690, 580, 600. Niliona kwa macho yangu mruko mmoja mrefu na miwili mifupi, kama mtu anayechechemea. Mzee aliutazama mshale muda mrefu. Alisema oili amekuwa akiiweka gari likienda sevisi, kila miezi sita, na kwamba hakuna aliyewahi kumwambia vingine. Nilimwamini.

Nyumbani nilimwonyesha mke wangu karatasi ya vipimo na kumweleza kila namba. Tumekubaliana hivi: ada ya mwaka mzima inakwenda kwenye akaunti yake kwanza, haiguswi. Kinachobaki ni milioni 11. Fundi amenikadiria milioni nne na nusu kwa kufungua injini na kuweka sili mpya, na nimetenga moja ya dharura. Kwa hiyo kwa mzee nina 5.5, siyo 13.5.

Nimempigia leo mchana nikamwambia namba hiyo na jinsi nilivyoifikia. Hakukasirika. Amesema mwanawe yuko Mwanza, anataka waongee kwanza, atanijibu Jumapili. Ameniomba pia nimtumie kile kipande cha dada kuhusu oili na kuwasha, amwonyeshe kijana anayemwoshea gari. Nimeshamtumia.