Kibarua amefukiwa na udongo wa magofu: je, ana haki ya fidia?

Msimamizi_Faza: Assalaam aleikum, ndugu zangu. Naomba ushauri kuhusu kijana aliyefukiwa hadi kifuani tulipokuwa tukichimba magofu ya kale kisiwani Pate. Shimo lilinipita kimo, na mchanga wa huku, kama mjuavyo, haushikani. Alivunjika nyonga. Mwajiri anadai kwamba kibarua wa kutwa asiye na mkataba wa maandishi hana fidia, na kwamba muda wa kudai umepita. Je, ni kweli?

Mzee_wa_Siyu: Pole, mwanangu. Mimi nilichekecha udongo kwenye magofu ya Shanga, hapo hapo Pate, miaka ya themanini. Tulishuka miguu mitupu, tukapandisha makarai kwa kamba, na siku kilipoibuka kigae cha kijani cha Uchina sote tuliacha uji ukapoa. Kofia ngumu hatukuijua.

BintiLamu: Mzee, hilo siyo swali. Sheria ya Kenya ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inamlinda hata aliyeajiriwa kwa mdomo. Mwajiri alipaswa kuripoti ajali kwa idara ya usalama na afya kazini ndani ya siku 7, na madai hupelekwa ndani ya miezi 12. Lakini kingo za shimo zilizuiwa kwa kitu gani?

Msimamizi_Faza: Zilikuwa na mbao.

BintiLamu: Mbao zikiwepo, udongo ulipitia wapi?

Msimamizi_Faza: Niliziondoa mimi asubuhi ile, kwa sababu kiongozi wa uchimbaji alitaka picha ya matabaka ya udongo isiyoonyesha boriti. Ilikuwa kazi ya nusu saa tu. Ningekataa, kesho yake angesimama mwingine mahali pangu, nami nina watoto wanne. Ndiyo maana nimemshauri kijana apokee shilingi 15,000 na atie kidole gumba kwenye karatasi ya kutodai, ili asikose vyote.

Kasa_Mkavu: Uzi huu umetungwa. Sasa ni masika; nani anachimba Pate mvua ikinyesha?

Msimamizi_Faza: Sikusema ni mwezi huu. Ilikuwa Januari, kaskazi ikivuma. Tulimfukua kwa viganja na kifuniko cha sufuria, kwa kuwa tuliogopa kumkata kwa sepeto, naye alikuwa akiomba tumtoe kwanza mchanga wa mdomoni. Ndara yake moja haijaonekana hadi leo.

Kasa_Mkavu: Nisamehe.

BintiLamu: Basi miezi 12 haijatimia. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka huohuo, inasema mfanyakazi akiripoti hatari kubwa, mwajiri hawezi kumlazimisha arudi humo kabla haijaondolewa; wala haruhusiwi kumwadhibu kwa kulalamika. Wewe uliiona hatari ukanyamaza, na sasa unamuuzia mwenzako kimya chako. Ameshatia kidole?

Msimamizi_Faza: Bado. Karatasi inaletwa kesho baada ya alasiri. Mama yake amenituma niulize kama nitakuwa shahidi wake, na tangu adhuhuri sijamjibu.